Antioksidanti za Mimea na Ulinzi wa Seli

1. Radikali huru
Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Baadhi hutokea ndani ya mitokondria wakati seli inapotumia oksijeni kupata nishati. Nyingine huletwa na moshi wa sigara au mionzi mikali ya jua. Radikali hupora elektroni kutoka kwenye molekuli jirani. Molekuli iliyoporwa nayo hugeuka radikali na kupora nyingine, hivyo mfululizo huendelea. Vinavyodhurika ni utando wa seli, protini na DNA.

2. Kazi ya antioksidanti
Antioksidanti huipa radikali elektroni, na mfululizo hukatika. Yenyewe hubaki tulivu kiasi cha kutopora molekuli nyingine kwa urahisi. Kumbuka mifano hii:
(a) Vitamini E (karanga, mbegu za alizeti): huyeyuka katika mafuta, hivyo hulinda utando wa seli.
(b) Vitamini C (mapera, machungwa): huyeyuka katika maji. Pia huirudishia vitamini E uwezo wake baada ya kutumika.
(c) Beta-karotini (karoti, maembe): mwili huweza kuibadilisha kuwa vitamini A.

3. Jaribio
Kata tufaha vipande viwili. Kimoja kipake maji ya limau, kingine kiache. Baada ya muda, kisichopakwa hugeuka kahawia zaidi. Vitamini C ya limau huzuia oksidisho, na asidi yake hupunguza kasi ya kimeng'enya kinacholeta rangi hiyo.

4. Angalizo
Usiandike kwamba antioksidanti "hutibu saratani". Nchini Finland, wanaume wavuta sigara wapatao 29,000 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 1994. Waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Kidonge si sawa na tunda, wala hakifuti madhara ya sigara.

5. Swali
Eleza kwa nini mboga za majani zilizochemshwa sana, kisha maji yake yakamwagwa, hupungukiwa vitamini C. (Alama 2)

Jibu: Joto huharibu vitamini C (alama 1). Vitamini C huyeyuka katika maji, hivyo sehemu yake humwagwa pamoja na maji hayo (alama 1).

Ukiandika "vitamini hupotea" bila kutaja sababu, hupati alama.