Somo la TEHAMA: Usifiche Siri Ndani ya Apu

Kijana anayeunda apu ya kukusanya karo au ada za soko huhofia wizi wa nenosiri. Iko hatari nyingine isiyozungumzwa sana: apu yenyewe kufumuliwa.

Kufumua apu ni nini?

Apu ya Android husambazwa kama faili ya APK, ambayo ni furushi lililobanwa mithili ya faili ya zip. Ndani yake mna picha, maandishi na msimbo. Zana zisizolipiwa, kama jadx, hulifungua furushi hilo na kuurudisha msimbo katika hali inayosomeka. Mfumuaji hahitaji kuvamia seva yako, kwa kuwa apu tayari iko mkononi mwake.

Hasara yake

Anayeunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja hupewa funguo za siri. Akiziandika ndani ya apu, yeyote aliyeipakua anaweza kuzisoma na kutuma maombi kwa jina la biashara hiyo. Vilevile, ikiwa ada hukokotolewa kwenye simu, mtu anaweza kugeuza Sh500 kuwa Sh5, kisha aifunge apu upya na kuwagawia wenzake.

Hatua za kujikinga

1. Weka funguo kwenye seva. Apu iiombe seva, na seva ndiyo iwasiliane na Daraja.

2. Bei, salio na idhini ziamuliwe na seva, si simu.

3. Washa R8 katika Android Studio kabla ya kutoa apu. Hugeuza jina kama "hesabuAda" kuwa "a". Hilo humchelewesha mfumuaji, lakini halimzuii: funguo ulizoandika kwenye msimbo hubaki zikisomeka.

4. Tumia Play Integrity ili seva itambue iwapo ombi limetoka kwa apu yako halisi au iliyochezewa.

5. Ufunguo ukivuja, ufute na uchukue mpya. Kutoa toleo jipya pekee hakutoshi, maana la zamani lingali kwenye simu za watu.

Sheria inasemaje?

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data za watu zikifikiwa bila idhini na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, anayezidhibiti anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu.

Zoezi

Fungua apu yako mwenyewe kwa jadx, kisha tafuta maneno "key", "secret" na "password". Ukikuta siri, jua mwingine naye ataikuta.

Kwa mwananchi: pakua apu kutoka Google Play. Usikubali faili ya APK unayotumiwa kwenye WhatsApp, hata ikiwa na nembo unayoifahamu. Huenda ilifumuliwa na kufungwa upya.