Kuchagua Jimbo la Kustaafia: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuhama



Miongoni mwa maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wanaokaribia kustaafu ni hili: ni jimbo lipi la Marekani lililo bora kwa mstaafu? Magazeti hupanga majimbo kwa nafasi, la kwanza hadi la hamsini, na wauza nyumba huongeza picha za fukwe na jua. Sisi hatutakutajia jimbo moja, kwa kuwa jimbo linalomfaa mtu mwenye pensheni kubwa na afya njema huenda likamwelemea mjane anayetegemea mafao ya Social Security peke yake. Lengo la somo hili ni kukupa vipimo vya kutumia wewe mwenyewe, kabla hujauza nyumba ya sasa. Kuhama ni rahisi kuliko kurudi.

1. Kodi: tazama jumla, si aina moja

Majimbo kadhaa, yakiwemo Florida, Texas, Tennessee na Nevada, hayatozi kodi ya mapato ya mishahara wala ya pensheni. Jambo hili hutangazwa sana. Hata hivyo, kila serikali ya jimbo huhitaji fedha za shule, barabara na zimamoto, na isipozipata mlango huu huzipata mlango mwingine. Texas, kwa mfano, ina kodi za nyumba na ardhi zilizo miongoni mwa za juu nchini. Illinois nayo hutoza kodi ya mapato lakini husamehe pensheni na mafao ya uzeeni. Hata hivyo kodi zake za nyumba ni nzito. Oregon haina kodi ya mauzo, lakini ina kodi ya mapato.

Mafao ya Social Security hayatozwi kodi na majimbo mengi. Machache, kama Minnesota, Utah na Vermont, huyatoza kwa baadhi ya wastaafu kulingana na kipato chao. Kumbuka pia kwamba serikali kuu inaweza kutoza kodi sehemu ya mafao hayo popote uishipo.

Tufanye hesabu ya mfano. Mume na mke wanapokea mafao ya Social Security, pamoja na pensheni ya dola 15,000 kwa mwaka, na wanataka nyumba ya dola 300,000. Jimbo la kwanza halina kodi ya mapato, lakini kodi ya nyumba ni asilimia 2 ya thamani: watalipa dola 6,000 kwa mwaka. Jimbo la pili hutoza pensheni asilimia 4, yaani dola 600, haligusi Social Security, na kodi ya nyumba ni asilimia 0.7, yaani dola 2,100. Jumla ni dola 2,700. Jimbo "lisilo na kodi" limewagharimu dola 3,300 zaidi kila mwaka. Wangekuwa wapangaji wenye pensheni kubwa, huenda matokeo yangegeuka. Ndiyo maana hesabu lazima iwe yako, si ya jirani.

Uliza pia kama wilaya unayokwenda ina punguzo la kodi ya nyumba kwa wazee, na kama punguzo hilo huombwa kwa fomu. Mara nyingi asiyeomba hapewi. Na usihofu kwamba jimbo unaloliacha litaifuata pensheni yako: sheria ya serikali kuu ya mwaka 1996 inakataza jimbo kutoza kodi pensheni ya mtu ambaye si mkazi wake tena.

2. Bima ya afya: kosa lisilorekebishika kwa urahisi

Medicare ni ya nchi nzima, lakini namna unavyoipokea inaweza kufungwa na eneo.

Ikiwa una mpango wa Medicare Advantage, mpango huo una eneo lake la huduma. Ukihama nje ya eneo hilo, huna budi kuchagua mpango mwingine au kurudi kwenye Medicare ya asili. Ukiuarifu mpango wako kabla ya kuhama, nafasi ya kubadilisha huanza mwezi mmoja kabla ya mwezi wa kuhama na huendelea kwa miezi miwili kamili baada yake. Usisubiri mpaka ugonjwa ukukumbushe.

Ikiwa una Medicare ya asili pamoja na bima ya nyongeza iitwayo Medigap, kwa kawaida unaweza kuhama nayo, ingawa bei yaweza kubadilika. Hatari iko kwa anayeiacha akidhani ataipata tena. Haki ya kununua Medigap bila kuulizwa habari za afya hudumu miezi sita, kuanzia mwezi ambao mtu ametimiza miaka 65 na amejiandikisha katika Sehemu B. Baada ya hapo, katika majimbo mengi kampuni yaweza kukukataa au kukutoza zaidi kwa sababu ya kisukari au moyo, isipokuwa katika hali maalumu zilizotajwa na sheria. Kwa hiyo, usivunje bima ya zamani kabla ya kupata barua ya kukubaliwa na bima mpya.

3. Utunzaji wa muda mrefu

Wengi huamini kwamba Medicare italipia makao ya wazee. Sivyo. Medicare hulipia uuguzi wa kitaalamu kwa muda wenye kikomo, hadi siku 100 katika kipindi kimoja cha ugonjwa na kwa masharti, lakini si kazi ya kila siku ya kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa. Gharama hizo hubaki kwa familia, au kwa Medicaid kwa wenye kipato na mali kidogo.

Medicaid huendeshwa na kila jimbo kwa kanuni zake, wala haihamishwi. Ukihama, unaomba upya. Jimbo moja laweza kumlipia mzee msaidizi wa nyumbani. Jingine laweza kuwa na foleni ndefu ya huduma hiyo. Kwa mwenye maradhi ya kudumu, swali hili lina uzito kuliko kodi.

4. Bima ya nyumba

Kabla ya kutoa ahadi ya kununua, omba bei ya bima ya nyumba ile ile, si ya mtaa kwa jumla. Bima ya kawaida ya nyumba haigharamii mafuriko. Bima ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ile ya mpango wa serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Katika majimbo ya vimbunga, soma kiasi utakachobeba mwenyewe. Kikiandikwa asilimia 2 kwa nyumba iliyokatiwa bima ya dola 300,000, maana yake dola 6,000 za kwanza ni zako.

5. Watu watakaokuwa karibu nawe

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali na watoto, msikiti au kanisa, na watu wa lugha yako inaweza kuwa ghali siku utakapoacha kuendesha gari. Pima umbali wa hospitali. Uliza kama kuna basi, na kama daktari anayepokea wagonjwa wapya anakubali bima yako.

6. Kwa wahamiaji na wenye kwenda na kurudi

Asiye raia wa Marekani huarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 baada ya kubadilisha anwani. Anayekusudia kuomba uraia akumbuke sharti la kuwa amekaa miezi mitatu katika jimbo au wilaya ya uhamiaji anakoombea.

Wapo pia wanaopanga kukaa miezi kadhaa Mombasa, Zanzibar au Bukavu kila mwaka. Medicare kwa kawaida haigharamii matibabu nje ya Marekani. Raia huendelea kupokea Social Security akiwa Kenya au Tanzania, lakini asiye raia anayekaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo aulize kwanza, maana malipo yanaweza kusimamishwa. Msaada wa SSI husimama baada ya siku 30 mfululizo nje ya nchi.

Kaa kwanza, nunua baadaye

Tunashauri upange nyumba kwa miezi kadhaa katika jimbo unalolitaka, ikiwemo miezi yake mibaya: Januari ya Minnesota au Agosti ya Arizona. Kisha jibu maswali haya kwa maandishi:

- Jumla ya kodi zote kwa mwaka, kwa kipato changu, ni kiasi gani?
- Bima yangu ya afya itaendelea, na nina barua inayothibitisha?
- Nikihitaji kusaidiwa kuoga na kula, nani atanisaidia, na kwa fedha zipi?
- Mwenzangu akitangulia kufa na mafao yakapungua, nitamudu nyumba hii?
- Wosia na hati ya kumpa mtu mamlaka ya kuniamulia zimekaguliwa kwa sheria za jimbo jipya?

Kila jimbo lina mpango wa ushauri wa Medicare uitwao SHIP, na ushauri wake ni bure. Ofisi za Social Security nazo hutoa mkalimani bila malipo. Una haki ya kuomba wa Kiswahili. Yeyote anayekuhimiza utie sahihi leo, kabla hujapata majibu hayo, mwambie utamrudia.