Vikorokoro vya pikipiki na dereva mgeni

Swali: Nimenunua pikipiki ya cc 150, ndiyo kwanza najifunza. Fundi hapa Ruaha Mbuyuni ananishauri nifunge vyuma vya kukinga injini, taa za ziada na keria ndefu. Vitanisaidia?

Jibu: Kidogo tu, ndugu yangu, na kimoja kinaweza kukuponza. Vyuma huokoa injini kuliko mguu. Utafiti wa Harry Hurt uliofanyika Los Angeles, uliotoka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 papo hapo zilipotokea, ulikuta vinapunguza majeraha ya unyayo na kifundo lakini vinaongeza ya goti na paja. Tena 92% ya madereva wa ajali hizo walijifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki. Hela ya vyuma mpe kwanza mwalimu wa udereva.

Taa za ziada humpofusha dereva wa lori anayekuja mbele yako. Lakini keria ndefu ndiyo naiogopa hasa: gunia la vitunguu likikaa nyuma kabisa, tairi la mbele huwa jepesi ukipanda mlima wa Kitonga, na usukani unacheza. Ukishuka, tumia gia ndogo. Usikandamize breki mfululizo hadi zichemke.

Cha kuongeza ni helmeti inayokubana, mkanda umefungwa kidevuni. Hupunguza vifo kwa takriban 42% na majeraha ya kichwa kwa 69%. Nunua na ya abiria. Vioo ilivyokuja navyo pikipiki usiving'oe, hata vijana wa kijiweni wakikucheka.