Mtoto Anyamazaye: Somo la Kuyatambua Maumivu ya Watoto Wadogo

Walimu mnaozunguka nyumbani mwa wagonjwa, mwezi huu twataka kujifunza namna ya kuyatambua maumivu ya mtoto asiyeweza kuyasema.

Siku moja ya mavuno ya mpunga tuliingia katika nyumba moja ya Igawa, si mbali na mto Mbarali. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amelala mkekani, mkono umeungua kwa uji wa moto, na siku ilikuwa ya tatu. Hakulia. Majirani wakamsifu wakisema, “Huyu ni mwanamume, ametulia.” Nasi twakiri ya kuwa tulimsifu. Lakini bibi yake alisema, “Hakutulia huyu. Mjukuu wangu ni msemaji kutwa kucha, na tangu juzi hatazami hata kuku wakipita.” Bibi yule aliona kuliko sisi sote. Mtoto akapelekwa hospitali, akaoshwa kidonda, akapewa dawa ya maumivu. Na kesho yake jioni akaanza kugombana na dada yake. Ugomvi ule ulitufurahisha sana.

Tusijilaumu kupita kiasi, maana hata madaktari walikosea katika jambo hili. Hata miaka ya 1980 wengi wao walidhani ya kuwa mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima, na wengine walipasuliwa kwa dawa ya kulegeza viungo tu, pamoja na dawa kidogo mno ya kuondoa maumivu. Mwaka 1987 daktari Anand na mwenziwe Hickey walikusanya ushahidi kwamba mchanga huyasikia, nayo humdhuru mwili. Mwaka huo huo daktari Mfaransa Annie Gauvain-Piquard na wenzake, waliowauguza watoto wenye saratani huko Villejuif karibu na Paris, walieleza jambo lile lile aliloliona bibi wa Igawa: mtoto mwenye maumivu makali ya siku nyingi huacha kulia. Hachezi, hageuki, hataki kusemeshwa. Amechoka kulia, na kila akijitikisa huumia zaidi. Kwa hiyo hulala kimya, nasi twamwita mpole.

Basi, tutazame nini? Wauguzi wa Michigan, huko Marekani, walitangaza mwaka 1997 kipimo cha mambo matano, kwa watoto wa tangu miezi 2 hata miaka 7. Kila jambo hupewa 0, 1 au 2, na jumla haipiti 10. La kwanza ni uso: akikunja kipaji mara moja moja ni 1, kidevu kikitetemeka au taya zikikazana kila mara ni 2. La pili ni miguu: isiyotulia ni 1, inayopiga mateke, au kukunjwa tumboni, ni 2. La tatu ni mwili: kujinyonganyonga ni 1; kujipinda mgongo au kukakamaa ni 2. La nne ni kilio: kugumia ni 1, kulia bila kukoma ni 2. La tano ndilo tulipendalo kuliko yote, kwa kuwa mama analijua bila kufundishwa: je, akibebwa na kubembelezwa hutulia? Akitulia ni 1. Asipotulizika hata kwa ziwa la mama ni 2.

Lakini angalieni. Mtoto wetu wa mkekani angalipimwa hivyo angalipata hesabu ndogo sana, kwa kuwa hakulia wala hakupiga mateke. Kwa hiyo kipimo hiki hakitoshi peke yake. Hatuna budi kumwuliza mama au bibi swali moja: “Huyu mtoto, siku zote yu hivi?” Jibu lake lihesabiwe kuwa ushahidi, wala si maneno ya wanawake tu, kama wasemavyo baadhi yetu wanaume.

Mtoto mkubwa kidogo aweza kujibu mwenyewe kwa vidole, kama wafanyavyo wauguzi wengi katika Afrika: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali mno. Tena aulizwe kwa lugha ya nyumbani, iwe Kisangu, Kibena au Kihehe. Asiulizwe mbele ya sindano, maana atakataa kwa hofu. Na wadogo husema “tumbo” hata sikio likiwauma. Mguseni polepole mahali pote.

Kuhusu dawa, aspirini haiwafai watoto. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 150 hivi, wala si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mchanga wa chini ya miezi 3 asipewe kitu kabla ya kuonwa na mganga wa hospitali. Asiyeweza kunyonya, au mwenye tumbo gumu, au aliyeungua, asingojeshwe nyumbani. Apelekwe Ilembula au Chimala, au zahanati iliyo karibu. Na siku ya chanjo akina mama wasione haya kumnyonyesha mtoto sindano inapoingia, kwa kuwa Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri hivyo mwaka 2015.

Neno moja limebaki kwa walimu. Mkimsindikiza mgonjwa, chukueni daftari. Andikeni saa aliyopewa dawa, na hesabu ya maumivu kabla yake. Kisha mpimeni tena baada ya saa moja. Vidole vikiwa vinne kabla ya dawa, na vinne baada yake, mwonyesheni mwuguzi daftari hilo usiku ule ule, hata kama mtoto amenyamaza.