Kitanda kipo, oksijeni je?

SWALI: Daktari, naishi Dunda, Bagamoyo, na mama yangu mwenye kisukari na presha. Mwaka 2021, Korona ilipopamba moto, baba mdogo alibanwa kifua usiku. Tulizunguka naye hospitali tatu mpaka kukakucha, kila tunakofika tunaambiwa hakuna nafasi. Redio ilitaja takwimu za nchi nzima, za kwetu hatukuzijua. Wimbi kama lile likirudi, nitajuaje hali ya hapa kabla sijamtoa mama nyumbani?

JIBU: Poleni sana kwa usiku ule. Mgonjwa anayekosa hewa hapaswi kuzungushwa mjini na ndugu zake wakibahatisha mlango.

Idadi ya maambukizi ndiyo hutangazwa kwanza, lakini kwa mwenye mgonjwa ndani ndiyo inayomfaa kidogo kuliko zote. Huhesabiwa waliopimwa tu. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kule Kilifi walipima damu 3,098 zilizochangwa nchini Kenya. Walikadiria kwamba watu wapatao 4 katika kila 100 walikwisha kuambukizwa, na kwa Mombasa ni 8. Waliotangazwa Kenya nzima wakati huo walikuwa elfu chache. Mombasa iko mwambao huu huu wetu, na virusi havikusimama mpakani Horohoro kugongewa muhuri. Kwa hiyo ukisikia wagonjwa wapya 10, uliza wamepimwa wangapi. Kumi katika watu 200 ni habari moja; kumi katika watu 30 ni habari nyingine kabisa, maana yake wengi wako mitaani hawajaonekana.

Sisi Watanzania tulifika pabaya zaidi. Baada ya wagonjwa 509 na vifo 21 vilivyotangazwa hadi mwanzoni mwa Mei 2020, takwimu zilisimama zaidi ya mwaka mzima. Kamati ya wataalamu aliyoiunda Rais Samia, chini ya Profesa Said Aboud, ilishauri Mei 2021 zirudishwe. Naamini kimya kile kiligharimu maisha, kwa sababu familia hazikuwa na cha kupimia hatari.

Zilipoanza kurudi, ndani yake mlikuwa na namba yenye thamani kuliko nyingine zote. Tarehe 28 Juni 2021 Rais alisema wagonjwa ni zaidi ya 100, na 70 hivi wako kwenye gesi ya oksijeni. Kufikia tarehe 8 Julai Wizara ya Afya ilihesabu wagonjwa 408, na 284 wako kwenye oksijeni. Siku kumi, mara nne! Aliyeisikia hiyo 284 hakuhitaji mchoro wala mtaalamu wa kumweleza kwamba wodi zinajaa.

Fanya hesabu nami. Mtungi mkubwa wa oksijeni hubeba takriban lita 6,800. Mgonjwa mahututi anayevuta lita 10 kwa dakika huumaliza kwa saa kumi na moja na kitu. Kwa siku anakula mitungi miwili na zaidi, na wagonjwa kumi wa namna hiyo wanakula zaidi ya 20. Kituo kinaweza kuwa na vitanda vitupu vimetandikwa shuka safi na bado kisiwe na nafasi, kwa sababu mitungi imekwisha au muuguzi wa zamu ni mmoja kwa wodi nzima. Baada ya wimbi lile, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa shilingi trilioni 1.3 ulitumika pia kununua mitambo ya kuzalisha oksijeni na kujenga majengo ya wagonjwa wa dharura. Ni hatua kubwa. Lakini mtambo unataka umeme, vipuri na fundi.

Basi wimbi likianza, usingoje mama aumwe. Chukua mapema namba za simu za hospitali ya wilaya na za kituo kilicho karibu nanyi, na uihifadhi 199 ya Wizara ya Afya, ambayo ni bure. Ukipiga, usiulize kama "kuna nafasi". Uliza kama kuna kitanda chenye oksijeni sasa hivi, na kama hakipo, wao wanawapeleka wapi wagonjwa wao. Uliza tena baada ya wiki, ulinganishe. Anayelazwa leo aliambukizwa kama wiki mbili zilizopita, kwa hiyo wodi ikianza kujaa, jua wengine wako njiani.

Akizidiwa kabla hujapata jibu, mpeleke kituo cha karibu chenye oksijeni, aanzishiwe hapo. Kazi ya kupiga simu hospitali ya Tumbi au Dar es Salaam na kutafuta gari la wagonjwa ni ya kituo kinachotoa rufaa. Msiondoke naye kwa bajaji kwenda kujaribu kwingine. Dai rufaa kwa adabu, lakini dai.

Na hesabu hizi wananchi wana haki nazo. Mwenyekiti wa mtaa na diwani wanaweza kumwomba Mganga Mkuu wa Wilaya idadi ya vitanda vya oksijeni vilivyo wazi ibandikwe kila asubuhi kwenye ofisi ya kata, na itangazwe msikitini na kanisani. Hesabu hiyo haitaji jina la mgonjwa yeyote.

Kwa mama, kisukari na presha vinaondoa muda wa kusubiri. Mkipata kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu, mpime akiwa ameketi, kidole kikiwa na joto, kucha haina rangi wala piko. Chini ya asilimia 94, aende hospitali. Chini ya 90, ni dharura. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kifaa hicho huweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo 94 isikutulize kama mwenyewe anahema. Kama hamna kifaa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikizidi 30, toka naye saa hiyo hiyo, na dawa zake za kila siku uzibebe.