Dondoo Muhimu: Saa ya Kwatzi Yenye Kipimamuda katika Hewa ya Chumvi

Mashine ya saa hii, hata iwe ya bei nafuu, huongozwa na kwatzi, yaani kipande cha fuwele ambacho kikipitishiwa umeme wa betri hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na mitetemo hiyo huhesabiwa na saketi inayosukuma mishale. Mshale wa kipimamuda usiporudi kwenye 12, si lazima iwe saa imeharibika: katika mashine nyingi kifundo cha pembeni huvutwa hadi mwisho, kisha kitufe hubonyezwa mpaka mshale ufike mahali pake.

Adui mkubwa wa saa hii katika pwani ya Diani na Msambweni, Kenya, ni chumvi, ambayo huganda penye vitufe na kuchakaza mipira inayozuia maji. Kwa hiyo saa iliyopatwa na maji ya bahari isuuzwe kwa maji matamu, kifundo kikiwa kimesukumwa ndani kabisa, wala maji ya kisima cha ufuoni yasiaminiwe kabla ya kuonjwa, maana huenda nayo yana chumvi. Vitufe visibonyezwe ndani ya maji. Maandishi ya “mita 30” hayaruhusu kuzamia wala kuogelea, kwani huashiria kinga dhidi ya matone tu. Betri iliyokwisha itolewe mapema, maana ikivuja huila saketi, na fundi anayeibadilisha aombwe kukagua mpira wa kifuniko.