Unataka Msaada wa Kukarabati Nyumba ya Mji Mkongwe? Jiandae Hivi

Msaada wa kukarabati nyumba ya mawe, uwe wa Serikali au wa wafadhili, humfikia upesi yule ambaye karatasi zake ziko tayari. Kama nyumba yako iko Mji Mkongwe, Unguja, fuata hatua hizi.

Nyumba ni ya nani? Wengi hukwama hapa. Ikiwa ni ya urithi, warithi wote wakubaliane kwa maandishi. Ikiwa ni ya wakfu, anzia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mpangaji asiombe bila idhini ya mwenye nyumba.

Kibali hutolewa wapi? Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ukarabati wake husimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985. Fika ofisini kwao kabla fundi hajagusa ukuta. Uliza fomu ipi inajazwa, ada ni kiasi gani, na kama kuna mfuko wa msaada uliofunguliwa. Usianze kazi kabla ya kujibiwa, kwani mifuko mingi hailipii kazi iliyokwishafanywa.

Uombee kazi gani kwanza? Paa. Likivuja, vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani huoza, na sakafu ya juu hulegea. Piga picha kila panapovuja. Kwa kuta, andika chokaa, si saruji. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, na baada ya muda plasta hubanduka vipande vipande.

Itagharimu kiasi gani? Waombe mafundi wawili au watatu waliozoea chokaa wakuandikie makadirio, kila kazi na bei yake: paa, boriti, plasta, milango. Ongeza angalau sehemu moja ya kumi, maana ubovu mwingine huonekana plasta ikishabanduliwa. Weka na akiba: wafadhili wengi hutaka mwenye nyumba achangie, na hulipa kwa awamu baada ya ukaguzi.

Na kama hakuna mfuko kwa sasa? Tunza faili lako, kisha kabla ya masika zibua mifereji ya paa na ugongomee bati lililoachia. Kazi hiyo ndogo huziokoa boriti ambazo kuzibadilisha ni ghali mno.